Makala imekubaliwa ndani ya siku nne, na sasa jarida linadai nilipe ndipo waiondoe: nifanyeje?

BintiChanja ameandika:

Wanajukwaa, shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, mwaka wa tatu, katika chuo kimoja hapa Tanzania. Utafiti wangu unahusu ubora wa dagaa wa baharini wanaochemshwa na kukaushwa, nikilinganisha wale wanaoanikwa mchangani na wale wanaoanikwa juu ya chanja. Taratibu za idara yetu zinataka niwe nimechapisha makala mbili katika majarida yanayopitiwa na wataalamu kabla sijaruhusiwa kutetea tasnifu. Makala ya kwanza ilikaa kwa jarida moja miezi kumi na mmoja, kisha ikakataliwa kwa barua ya mistari mitano. Nikiwa bado na uchungu huo nilipokea barua pepe iliyoniita "Mheshimiwa Profesa", ikisifu kazi zangu za awali (ambazo hazipo) na kunialika nitume makala katika jarida ambalo jina lake linakusanya sayansi, uhandisi, tiba na usimamizi wa biashara kwa pamoja. Nilituma usiku uleule.

Siku nne baadaye nilipata barua ya kukubaliwa. Maoni ya wapitiaji wawili yalikuwa na jumla ya mistari mitatu: kwamba makala ni nzuri, Kiingereza kirekebishwe kidogo, na ichapishwe. Nilifurahi kwa muda wa saa moja hivi. Kisha nikaifungua nakala niliyoituma ili nirekebishe hicho Kiingereza, na katika jedwali la pili nikakuta safu nzima ya siku ya tatu haina takwimu hata moja. Katikati yake niliandika neno ITAJAZWA kwa herufi kubwa nyekundu, nikajisahau. Makala yote ni ya Kiingereza, neno hilo moja ni la Kiswahili, na hakuna mpitiaji aliyeuliza lina maana gani.

Nikaandika kuomba makala iondolewe. Kabla ya hapo ankara yao ilikuwa dola 180 za kuchapisha. Sasa wanadai dola 120 za kuiondoa, kwa maelezo kwamba wapitiaji wamekwisha kufanya kazi yao, na nisipolipa wataichapisha kama ilivyo. Sijasaini hati ya kuhamisha haki miliki. Jambo linalonikosesha usingizi zaidi ni kwamba nilimweka msimamizi wangu kuwa mwandishi wa pili, kama ilivyo desturi yetu, na hajui lolote kuhusu jarida hili.

Je, nilipe nijinusuru? Nikikaa kimya na wakaichapisha, nitaweza kweli kuipeleka makala hiyo kwingine? Na jarida la kweli mtu analitambuaje kabla hajajiingiza?

Naomba kuwasilisha.


Mkutubi ameandika:

Dada BintiChanja, marahaba, na pole kwa yaliyokukuta. Nimefanya kazi ya ukutubi chuoni kwa miaka kumi na tisa, na kisa cha aina hii kimefika mezani pangu mara nyingi kiasi kwamba barua ya kujibu ninayo tayari, hubadilishwa jina na tarehe tu.

Usilipe ada ya kuchapisha, na usilipe ada ya kuondoa. Hoja yao kuhusu wapitiaji haina mashiko, kwa sababu katika majarida karibu yote, makubwa kwa madogo, mpitiaji huwa halipwi hata senti. Aidha, hila hii haikuanza kwako. Mwaka 2016 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia ushindani wa kibiashara ililishtaki kundi la OMICS, mchapishaji wa majarida mwenye makao yake Hyderabad nchini India. Miongoni mwa mashtaka ni kwamba waandishi walifichwa ada hadi makala zilipokwisha kukubaliwa, na kwamba walipotaka kuziondoa walikataliwa, hivyo utafiti wao ukakwama usiweze kwenda kwingine. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho huko Nevada iliamuru kundi hilo lilipe zaidi ya dola milioni 50. Nalitaja hili ili uone kwamba unachofanyiwa kinajulikana hata mahakamani, ingawa sitarajii mahakama yoyote ikusaidie wewe na dola zako 120.

Jambo la kwanza ni kumweleza msimamizi wako leo, kabla hujaandika barua nyingine yoyote. Jina lake limo, na ni vibaya akisikia kwa mtu mwingine. Baada ya hapo, nyote wawili mtume barua moja isiyo na maelezo mengi. Ninayoitumia mimi husema hivi: "Sisi waandishi wa makala yenye kichwa kilichotajwa hapo juu, iliyowasilishwa tarehe fulani, tunaiondoa kuanzia leo. Hatujasaini hati ya kuhamisha haki miliki, hatujalipa ada yoyote, na hatutoi idhini ichapishwe kwa namna yoyote ile." Itumeni kwa kila anwani inayoonekana katika tovuti yao, kisha hifadhini nakala pamoja na picha za skrini za mawasiliano yote, zikiwemo zile za ankara. Wakijibu kwa vitisho, msijibizane nao.

Wakiichapisha hata hivyo, mlango haujafungwa, ila utaingia kwa maelezo. Unapoipeleka kwingine, mwandikie mhariri mpya katika barua ya kuwasilisha kwamba toleo la awali liliwekwa mtandaoni bila idhini, na uambatanishe barua yenu ya kuondoa. Wapo wahariri watakaokataa, na wapo watakaoelewa. Asiyeelezwa mapema akaja kugundua mwenyewe, huyo hatakuelewa kabisa.

Kuhusu kulitambua jarida, nitasema machache. Namba ya ISSN ni ya utambulisho tu, kama namba ya gari. Haisemi dereva anajua kuendesha. Nembo ya Scopus, hifadhidata inayoorodhesha majarida ya kitaaluma, iliyobandikwa kwenye tovuti haithibitishi kitu hadi uende kwenye orodha ya Scopus yenyewe, ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta bila malipo, na ulikute humo jarida hilo kwa ISSN na kwa anwani ileile ya tovuti. Nasisitiza anwani kwa sababu wapo wanaoiba jina la jarida halisi na kulifungulia tovuti pacha. Ukitaka majarida yanayosomwa bure, ipo DOAJ, orodha iliyoanzishwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden, ambayo huyachunguza majarida kabla ya kuyaingiza. Zaidi ya yote, fungua makala tatu za toleo la mwisho uzisome kweli. Kama moja ni ya saruji, ya pili ni ya ndoa na ya tatu ni ya kisukari, umekwisha kupata jibu lako.


Aliyelipa ameandika:

Mimi nililipa, ili nimalize. Ilikuwa ada ya kuchapisha, na makala ikatoka siku mbili baadaye ikiwa na jina langu limekosewa herufi. Miaka minne baadaye niliomba kupandishwa cheo, kamati ikaikataa makala hiyo, nami nikakubali kwamba walikuwa na haki. Nilipotaka kuiandika upya ili niitume kunakostahili, tovuti ya jarida ilikuwa imekwisha kutoweka na anwani yake inauza viatu. Kwa hiyo makala imechapishwa, lakini haipo popote, na takwimu za misimu miwili ya mvua siwezi kuzitumia kama kitu kipya bila kueleza historia hii yote kwa kila mhariri. Dada, fuata ushauri wa Mkutubi.


Jicho la Pili ameandika:

Naunga mkono kwamba asilipe. Hata hivyo naona mjadala unaanza kumfanya mwanafunzi aonekane mzembe, ilhali aliyemsukuma hadi pale amesimama pembeni.

Nchini Kenya, viwango vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mwaka 2014 vilimtaka mtahiniwa wa uzamivu awe na makala mbili katika majarida yanayopitiwa na wataalamu. India nayo ilikuwa na sharti la namna hiyo hadi kanuni mpya za mwaka 2022 zilipoliondoa, baada ya nchi hiyo kuwa shamba kubwa la majarida laghai. Sharti la kuhesabu makala huzaa soko la makala. Ukimwambia mtu mwenye miaka mitatu ya ufadhili kwamba anahitaji karatasi mbili, huku jarida la kweli likikaa na karatasi moja miezi kumi na mmoja, umemfungulia tapeli duka na kumpelekea wateja. Afrika Kusini, ambako serikali huvipa vyuo ruzuku kwa kila makala inayotambuliwa, imewahi kujikuta ikigharamia hata makala zilizotoka katika majarida ya kutiliwa shaka.

Jambo la pili ni hili la kutambua "jarida la kweli". Nani ametuwekea mizani? Orodha iliyopata umaarufu ni ya Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado kule Denver, ambaye ndiye aliyelieneza jina la majarida ya kuwinda waandishi, na ambaye aliiondoa orodha yake mtandaoni Januari 2017. Alifanya kazi ya maana, siikatai. Lakini mtu huyohuyo mwaka 2015 aliufananisha mtandao wa SciELO, ambao ni fahari ya uchapishaji wa kitaaluma wa Brazili na Amerika ya Kusini, na vibanda vya uswahilini mwao. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alipotaka kuonesha uozo wa majarida haya, alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani inayotokana na kuvumwani (lichen), akaituma kwa majarida 304, na zaidi ya nusu yakaikubali. Jaribio zuri. Sasa tazameni majina aliyowatungia waandishi wake bandia na taasisi zao: yote ya kubuni kwa sura ya Kiafrika, mojawapo ikidaiwa kuwa chuo cha tiba kilichoko Asmara. Ili makala mbovu iaminike, alihitaji kuivika jina letu.

Na upande wa wanaoitwa wakubwa je? Jarida maarufu la Nature lilipoanza kuruhusu makala zake zisomwe bure, ada iliyotangazwa kwa mwandishi ilikuwa euro 9,500. Hiyo haiitwi uwindaji kwa kuwa imeandikwa wazi ukurasani.


Mkutubi ameandika:

Ndugu Jicho la Pili, mengi uliyosema nakubaliana nayo, ila hilo la mwisho linahitaji kukamilishwa, kwa sababu wanafunzi wetu husoma ada kama hiyo wakafunga ukurasa. Wachapishaji wakubwa kadhaa huwasamehe ada waandishi kutoka nchi zilizo katika kundi la kwanza la Research4Life, mpango unaozisaidia nchi zenye kipato kidogo kupata machapisho ya kitaaluma, na Tanzania imo. Kuna vizingiti viwili ambavyo watu hujikwaa. Msamaha kwa kawaida ni wa majarida ambayo makala zake zote husomwa bure, na mara nyingi hauyahusu yale yanayochanganya makala za bure na za kulipia. Pia unapaswa kuuomba wakati wa kuwasilisha makala, kwa kuwa wengi hawapokei maombi baada ya kuikubali. Ukiwa na mwandishi mwenza kutoka Ulaya, soma masharti mara mbili. Nimeona mtu akipoteza msamaha kwa sababu ya jina la tatu, la rafiki aliyesahihisha ikisiri tu.


Mhariri Mzee ameandika:

Binti yangu, marahaba. Nimehariri jarida dogo la idara kwa muda mrefu, na kwa kuwa huenda miezi yako kumi na mmoja ilipotelea katika ofisi inayofanana na yangu, ni haki nieleze kinachotokea huko ndani.

Makala ikifika, huisoma kwanza mimi. Ikiwa inafaa, natafuta wapitiaji wawili. Naandika barua kwa watu tisa. Watatu hujibu, wawili hukubali, mmoja huleta maoni, na wa pili namsubiri hadi anapopata mtoto, anaposafiri kwenda shambani kwake, au anapohamia wizarani. Hapo naanza upya kwa mtu wa kumi. Hakuna anayelipwa, mimi nikiwemo. Ada ndogo tunayotoza, ambayo imeandikwa ukurasa wa mbele, humlipa kijana anayepanga kurasa na kugharamia tovuti. Kwa hiyo msiseme kwamba kila jarida linalotoza ada ni la kitapeli. Tazameni ada ilitajwa lini, na kabla ya kutajwa kulikuwa na kazi gani iliyofanyika. Kukataliwa kwa mistari mitano baada ya muda wote huo, hata hivyo, ni aibu yetu wahariri, na sina utetezi.

Wala ukubwa wa mchapishaji si kinga. Wiley, kampuni ya siku nyingi, iliinunua Hindawi mwaka 2021, na ndani ya mwaka 2023 peke yake zaidi ya makala 8,000 za majarida ya Hindawi zilifutwa, nyingi zikiwa zimepenya kupitia matoleo maalumu ambamo wahariri waalikwa na wapitiaji walikuwa wakipitishiana kazi. Majarida hayo yalikuwa na kila alama ambayo Mkutubi angeiangalia. Kwa upande wetu, mtandao wa AJOL umekuwa ukiyaweka majarida ya Afrika mahali pamoja tangu mwaka 1998, na unao utaratibu wa kuyapanga kwa nyota kulingana na namna yanavyoendeshwa. Nakushauri uanzie hapo. Kwa dagaa wa baharini, litazame pia jarida la sayansi ya bahari linalotolewa na WIOMSA, ile jumuiya ya watafiti wa Bahari ya Hindi ya Magharibi yenye makao yake Zanzibar.

Ndugu Jicho la Pili anasema tuondoe sharti. Huenda. Lakini nilipokuwa nikisoma kisa cha binti huyu, kilichonisikitisha kuliko dola 120 ni lile jedwali. Hebu nifanye kazi ambayo wale wawili hawakuifanya, ingawa sijaiona makala. Unyevu wa dagaa wa mchangani na wa chanjani ulipimwa saa ileile ya siku, au ulianza na wa mchangani asubuhi ukawafikia wa chanjani jua likiwa utosini? Dagaa wa mchangani uliwakung'uta mchanga kabla ya kuwapima uzito? Kama hukuwakung'uta, tofauti unayoripoti inaweza kuwa ni mchanga. Walichemshwa kwenye maji ya chumvi kiasi kilekile, au kila mchemshaji alitia kwa mkono wake? Na siku ya tatu ilikuwaje hata safu yake ikabaki tupu? Mpitiaji yeyote aliyewahi kusimama ufukweni wakati dagaa wanaanikwa angeanza na swali hilo la mwisho.


BintiChanja ameandika:

Wakubwa zangu, nawashukuru sana. Naleta mrejesho.

Nilikwenda kwa msimamizi wangu siku iliyofuata nikiwa na nakala za barua zote. Alizisoma polepole bila kusema neno, kisha akaniuliza kwa nini sikumwonesha makala kabla ya kuituma. Nilimjibu ukweli, kwamba nakala ya makala ya kwanza ilikaa mezani pake miezi mitatu, nikaogopa. Alinyamaza tena. Halafu akavuta kompyuta yake, tukaiandika ile barua ya Mkutubi, akasaini yeye kwanza.

Jarida lilijibu baada ya dakika kumi na moja. Walisema wanasikitika, na kwamba kwa heshima ya msimamizi wangu wametupunguzia ada ya kuondoa hadi dola 60, ofa ikiisha Ijumaa. Ijumaa walituandikia tena na kuishusha hadi 35. Hatujajibu, na hadi jana usiku nilipoangalia tovuti yao makala haikuwa imewekwa. Picha za skrini ninazo, nazipiga kila jioni.

Mzee Mhariri, maswali yako niliyapeleka kwa msimamizi, akacheka kwa mara ya kwanza wiki nzima, akaniambia niyajibu kwa maandishi moja baada ya jingine. Saa ya kupima ilikuwa moja, hilo niko salama. Chumvi ilipimwa. Mchanga sikuukung'uta siku ya kwanza. Nilianza siku ya pili baada ya kuona mizani inanidanganya, na katika makala sikuandika popote kwamba utaratibu ulibadilika.

Safu ya siku ya tatu nimerudi kwenye daftari la ufukweni kuitafuta. Siku hiyo ilinyesha mvua saa tano asubuhi. Akina mama waliwakusanya dagaa wote, wa mchangani na wa chanjani, wakawarundika chini ya turubai moja, nami sikupima chochote. Takwimu hazikupotea kama nilivyodhani, hazikuwahi kuwapo. Tumekubaliana nirudie zoezi zima. Wavuvi wanaingia tena baharini na karabai zao giza la mwezi litakapoanza, yaani siku tisa kutoka leo, na nimekwisha kuwapigia simu wanitengee ndoo sita.